Kuomba nafasi katika kozi ya msingi ya ushauri nasaha jijini Nairobi

Chuo nilichoomba nafasi, ambacho sitakitaja jina, hutoa kozi ya utangulizi ya ushauri nasaha na tiba ya mazungumzo kwa jioni mbili kila wiki. Fomu yenyewe ni fupi. Kazi ilikuwa katika barua ya maelezo binafsi, iliyonitaka nisimulie katika kurasa mbili msiba au mgogoro mmoja niliowahi kuupitia na namna ulivyonibadilisha. Niliiandika mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilijikuta nikisimulia habari za marehemu baba badala ya kujieleza mwenyewe.

Usaili ndio uliokipa chuo hiki heshima machoni pangu. Badala ya kutuuliza maswali ya vitabuni, mkufunzi alituketisha wawili wawili, mmoja akazungumza kwa dakika tano huku mwenzake akisikiliza bila kutoa ushauri wowote, zoezi linalogusa kiini cha mkabala wa Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyesisitiza kumsikiliza mteja bila kumwelekeza, na ambalo, nakiri, lilinishinda kabla ya dakika ya pili.

Kilichonikera ni kwamba saa ambazo mwanafunzi mwenyewe hupaswa kuketi na mshauri, zinazolipiwa kando na ada, hazikutajwa popote hadi barua ya kukubaliwa ilipofika. Isitoshe, ilinibidi niulize mwenyewe ndipo nielezwe kuwa cheti hiki pekee hakimpi mtu ruhusa ya kujiita mshauri, ilhali Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayosimamia usajili wao, tangu 2014.