Kadi za maneno au vifungu: kujiandaa na GRE ukiwa Lamu

Kwa wanaojiandaa hapa Lamu na GRE, mtihani wa Kiingereza na hesabu kwa wanaoomba masomo ya uzamili, barazani huzungumzwa njia mbili: kukariri maneno kwa kadi, au kufanya maswali ya vifungu huku saa ikihesabu.

Kadi zina raha yake. Zinakaa mfukoni, ukisubiri boti ya Mokowe pale gatini umeshapitia maneno ishirini. Hazitaki umeme wala intaneti. Lakini zinadanganya. Nilikariri kwamba "sanction" ni kuadhibu. Siku nilipolikuta kwenye sentensi likiwa na maana ya kuidhinisha, jibu likanipotea, na neno lile niliamini nalijua vizuri kabisa.

Vifungu vinachosha, na joto la mchana halisaidii. Ila ndivyo mtihani wenyewe ulivyo: tangu Septemba 2023 sehemu ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41, na kwenye swali la kujaza nafasi tatu zilizoachwa wazi hakuna nusu alama, ukikosa nafasi moja umekosa swali zima. Mara nyingi ufunguo ni kile kineno cha kugeuza maana, mfano wa "ingawa" yetu. Hicho kadi haikufundishi.

Mimi nachagua vifungu, baada ya sala ya alfajiri, mji ukiwa bado kimya. Kadi ziwe za botini tu, na kila moja iandikwe sentensi nzima nyuma yake.