Mashine ya kupumulia usingizini: miezi saba, nyumbani na kwenye kabini

Naendesha lori njia ya Dar–Tunduma mwaka wa 19 huu, na miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa mtu mwenye usingizi mzuri. Nikiegesha kichwa tu, nimeondoka. Kumbe aliyekuwa halali ni mama watoto.

Mkoromo wangu ulifika hadi kwa jirani, na tulikuwa tunautania. Kilichomtisha yeye ni kile kimya. Anasema nakoroma, nakoroma, mara kimya. Anaanza kuhesabu. Akifika ishirini, ishirini na tano, nakurupuka na kuvuta pumzi kama mzamiaji aliyeibuka juu ya maji, kisha naendelea kukoroma. Asubuhi sina habari. Nina kichwa kinachogonga, mdomo umekauka kama karatasi, na usiku nimeamka mara nne kwenda kukojoa. Nilidhani ni kisukari. Nikapima, hamna.

Kilichonipeleka hospitali ni mlima Kitonga. Saa kumi alfajiri, napandisha na mzigo, lori jingine liko mbele. Taa zake nyekundu nilikuwa naziona. Halafu utingo ananipiga bega, na zile taa ziko puani mwangu. Naapa sikufumba macho. Daktari alinieleza kwamba ubongo ulionyimwa usingizi hujichukulia wenyewe, sekunde mbili tatu, hata macho yakiwa wazi. Pale nilikuwa natambaa kwa gia ndogo, ndiyo maana naandika haya. Tambarare, kwa mwendo wa 80, sekunde tatu ni zaidi ya mita 60.

Nilipewa kifaa cha kulala nacho usiku mmoja: kibanio kidoleni, kijimrija chini ya pua, mkanda kifuani. Majibu yalisema pumzi yangu inakatika au kupungua vibaya mara 41 kwa saa. Chini ya 5 ndiyo kawaida, kuanzia 30 ni hali mbaya. Ukilala, misuli ya koo inalegea, na kwa watu kama mimi wenye shingo nene njia ya hewa inajifunga kabisa. Ubongo unaona hewa haiji, unakuamsha kidogo tu, koo linafunguka, unazama tena. Huo uamsho ni mfupi kiasi kwamba hauukumbuki. Kwa hiyo nilikuwa nalala kwa muda wa saa saba bila kulala. Ule usingizi mzito unaopumzisha mwili nilikuwa naufikia mlangoni, narudishwa.

Sasa mashine. Ukubwa wake ni kama redio ya mezani. Inavuta hewa ya chumbani kupitia kichujio na kuisukuma kwa bomba hadi kwenye barakoa, basi. Haitoi oksijeni, ingawa nusu ya madereva wenzangu wanaamini nalala na mtungi. Ile hewa inaliweka koo wazi kwa shinikizo. Waliotoa taarifa ya tiba hii ni Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, mwaka 1981, na walianza na mota ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize. Fundi yeyote wa gereji angeipenda hiyo habari. Yangu inajirekebisha yenyewe kati ya 4 na 20 kwa kipimo cha shinikizo, ikisikia koo linaanza kuziba inaongeza. Kelele ni ndogo kuliko feni.

Usiku wa kwanza nilidumu nayo dakika 40. Ukifungua mdomo hewa inakutoka kama tairi lenye pancha, na ukivuta pumzi unahisi kuna mtu anakupumulia. Nikaivua, nikaitupa pembeni, nikakoroma hadi asubuhi. Usiku wa pili nikadumu kwa muda wa saa mbili. Nesi alinipa ujanja ambao duka halikunipa: ivae mchana ukiangalia mpira, uizoee ukiwa macho. Wiki moja ikatosha.

Duka lenyewe nalinyima jina, lakini lawama nalipa. Waliniuzia barakoa bila kunipima uso. Ikanivujisha hewa machoni, na kuniachia kidonda juu ya pua. Kurudisha, hapana, pakiti imefunguliwa. Nyingine nikanunua kwa hela yangu, ya vijipira viwili vinavyokaa puani tu, na hapo ndipo maisha yalibadilika. Bima haikugusa hata shilingi. Ukitaka ushauri wangu, bishana kuhusu barakoa kabla ya kubishana kuhusu mashine. Watu wengi wanaoiacha mashine uvunguni wameshindwa na barakoa.

Kuna kijitanki cha maji cha kulainisha hewa. Kinataka maji safi yaliyotoneshwa ya dukani, ya bomba yanaacha ukoko. Akili ya dereva ikaniambia nitumie maji ya betri, si safi yale? Daktari alinitolea macho. Ni kweli, nani ajuaye kidumu kile cha gereji kilibeba asidi jana. Njiani nakitoa kabisa kile kijitanki. Kwanza kinakula umeme kwa kupasha maji, na mashine bila joto inatumia kidogo sana. Nilinunua waya wa kuiunganisha kwenye betri za lori, unaokubali volti 24, na asubuhi injini inawaka bila shida. Umeme ukikatika nyumbani unaamka tu, mdomo uko wazi, hufi. Vumbi ndiyo adui. Kichujio wanachosema kinakaa miezi kadhaa, mimi kwa maegesho ya njia hii nakibadilisha kila mwezi.

Jambo ambalo sikuambiwa ni ndoto. Wiki ya kwanza niliyolala nayo usiku kucha niliota kama sinema: marehemu mama anapepeta mchele, hata ule wimbo wake na chuya zinazodondoka, vyote. Sikuwa nimeota hivyo tangu ujana. Daktari akasema usingizi wa ndoto ulikuwa unakatizwa zaidi ya mwingine wote, maana humo misuli inalegea kupita kiasi, na sasa mwili unalipa deni. Hata jinamizi, ambalo lilikuwa linanikaba kila mara mpaka shangazi akaanza kutaja majina ya majirani, limenijia mara moja tu, usiku niliosahau waya. Nalo lina maelezo yake: akili imeamka, mwili bado umefungwa na ndoto. Shangazi hajakubali.

Kioo cha mashine asubuhi kinaonyesha namba, pumzi imekatika mara ngapi kwa saa. Leo 3. Kukojoa, mara moja au sifuri. Mashine naipa nyota nne, ya tano nimeikata kwa sababu ya bei, milioni mbili na ushee, na kwa sababu ile mikanda inakuacha na alama mashavuni mpaka saa nne.

Mwezi jana tumelala Makambako. Saa tisa usiku utingo ananitikisa miguu yote miwili, sauti inatetemeka, "Mzee! Mzee!" Nikadhani wezi wa mafuta. Kumbe kaamka hasikii mkoromo.