Castle Howard kwa siku mbili na watoto: uzoefu wangu wa wikiendi ya kumuenzi Vanbrugh

Sir John Vanbrugh, msanifu majengo Mwingereza, alifariki Machi 1726, kwa hiyo 2026 ni mwaka wa 300 tangu aage dunia. Kwa familia inayotaka kumuenzi kwa kutembea na kutazama, si kwa kusoma tu, chaguo langu ni jumba la Castle Howard, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Iko kama kilomita 24 kutoka York. Jumba lake la Blenheim ni maarufu zaidi, lakini Castle Howard ndiko alikoanzia. Mwaka 1699 Charles Howard, Earl wa tatu wa Carlisle, alimkabidhi Vanbrugh kazi ya kulichora, mtu aliyekuwa mwandishi wa tamthilia, aliyewahi kuwa askari na kufungwa Ufaransa, na ambaye hakuwa amesomea ujenzi. Naipa nyota tano, kwa sharti moja: muanze kuitazama kutoka mbali. Familia nyingi huingia moja kwa moja ukumbini, hupiga picha chini ya kuba, kisha huenda kwenye michezo ya watoto. Hapo nusu ya kazi ya Vanbrugh inakuwa imewapita.

Kwanza tiketi. Kuna ya bustani peke yake na kuna ya nyumba pamoja na bustani. Kwa siku mbili, siku ya kwanza chukueni ya bustani, siku ya pili ya nyumba. Nyumba hufunguliwa siku chache kwa mwaka kuliko bustani, na saa zake ni fupi zaidi, hivyo thibitisheni tarehe kabla ya kulipia malazi. Wanaotoka Leeds au Manchester kwa treni watashuka York au Malton. Ratiba ya basi iangaliwe mapema, maana vijijini huko mkikosa basi moja mnaweza kukaa muda mrefu kituoni na watoto wenye njaa.

Mwenye gari aingie kutokea barabara ya A64, upande wa kusini, hata kama ramani ya simu inampa njia nyingine. Mbele yenu itakuwa barabara iliyonyooka kama uzi, yenye miti pande zote mbili, inayopanda na kushuka vilima. Lango la kwanza ni Carrmire Gate, la Nicholas Hawksmoor, msanifu mwenzake Vanbrugh. La pili ni la Vanbrugh mwenyewe, la 1719: tao moja lenye piramidi juu yake, na huku na huku ukuta wa ngome wa kuigiza, wenye minara isiyolinda kitu chochote. Kwa sababu ya vilima, lango linaonekana, linazama, kisha linaibuka tena likiwa kubwa zaidi. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu mara ngapi limepotea machoni. Mbele zaidi kuna mnara wa Obelisk wa 1714, na hapo ndipo mnapokata kulia. Nyumba yenyewe bado haijaonekana! Huyu alikuwa mtu wa jukwaani, alijua pazia lisifunguliwe mapema. Dereva apunguze mwendo langoni, tao ni jembamba na magari hupita kwa zamu.

Siku ya kwanza ibaki nje yote. Jambo la kupanga vizuri ni jua. Uso wa kaskazini hukaa kivulini karibu siku nzima, nakshi zake zinafifia kwenye picha na kwenye macho pia. Uso wa kusini, unaotazama bustani, hupata mwanga mzuri kuanzia saa sita mchana, na jiwe lake, lililochimbwa kwenye shamba hilo hilo, linageuka rangi ya asali. Kwa hiyo asubuhi tazameni kaskazini haraka, mchana kaeni kusini kwa utulivu. Muulizeni mtoto nguzo bapa za pande hizo mbili zina tofauti gani. Za kaskazini ni za mtindo wa Doriki, vichwa vyake vitupu. Za kusini ni za Korintho, vichwa vimejaa majani. Kanuni za zamani zilitaka nyumba moja ishike mtindo mmoja kwa nje. Vanbrugh alichanganya, na hakuna mtu anayeweza kusimama mahali akaziona pande zote mbili kwa pamoja.

Zoezi bora la wikiendi nzima linafanyika kwenye nyasi za kusini. Kila mtoto apewe karatasi ya A4, penseli ya 2B, kifutio, na ubao wa kubania karatasi wenye vibanio viwili, juu na chini. Kibanio kimoja hakitoshi kwa upepo wa pale. Karatasi ilale kwa upana, ikunjwe katikati, kisha ikunjuliwe. Mkunjo ndio mstari wa katikati ya kuba. Mtoto achore nusu ya kulia tu: nusu ya kuba, nguzo bapa, kisha bawa la mashariki lililo chini kidogo. Dakika ishirini zinatosha. Baada ya hapo karatasi ikunjwe tena, mchoro ukiwa kwa nje, iinuliwe kuelekea mwangani, na mistari inayopenya inakiliwe upande wa pili. Ikikunjuliwa, mkononi mtakuwa na nyumba ambayo Vanbrugh aliikusudia, yenye pande mbili zinazolingana.

Sasa inueni macho mlinganishe. Upande wa kushoto haufanani kabisa. Vanbrugh alifariki bawa la magharibi likiwa bado halijajengwa, na katika miaka ya 1750 Sir Thomas Robinson, mkwe wa Earl, alilijenga kwa mtindo wa Kipaladio, wa kumfuata msanifu Mwitaliano Palladio, uliokuwa umeshika wakati huo: zito zaidi, tulivu, bila mbwembwe za mwenzake. Tatizo linalojirudia ni mtoto kuanza na kuba, kuifanya kubwa, kisha kukosa nafasi ya bawa. Dawa yake ni kuweka alama tatu kabla ya kuchora chochote: mwisho wa nyumba karibu na ukingo wa karatasi, mwisho wa jengo la kati, na kilele cha kuba. Kosa la pili ni kuhesabu madirisha yote. Mwacheni achore matatu, mengine yawe vistari.

Kutoka hapo tembeeni kwenye njia ya majani hadi Temple of the Four Winds, jumba dogo la bustanini, mwendo wa dakika kumi hivi kwa mtu mzima, mara mbili yake kwa mtoto wa miaka mitano. Vanbrugh alilichora katika miaka ya mwisho ya uhai wake, likakamilika 1738 yeye akiwa kaburini. Ni jengo la mraba lenye kuba, na kila upande kati ya minne una baraza la nguzo na ngazi zake, kwa kufuata nyumba ya Palladio huko Vicenza. Lilikuwa mahali pa kupumzika na kupata kiburudisho, na chini yake kuna chumba ambamo watumishi waliandaa chakula. Lizungukeni lote. Upepo ukivuma kutoka upande wowote ule, baraza moja litakuwa kwenye kinga, na mtoto akilitafuta mwenyewe atakuwa ameelewa mpango wa jengo bila kuonyeshwa ramani. Kwa mbali, kilimani, mtaona kaburi la familia, Mausoleum, lililoanza kujengwa 1729, lenye nguzo 20 kwa duara. Hilo ni la Hawksmoor, na jina lake lisisahaulike wikiendi hii. Yeye alikuwa fundi aliyelelewa kazini na msanifu Christopher Wren. Ndiye aliyejua vipimo na michoro ya kina ya mawazo ambayo Vanbrugh alikuja nayo. Ukimsifu mmoja ukamwacha mwingine, umesimulia nusu ya habari.

Jioni, mkiwa mlikofikia, jengeni tao, maana kesho ukumbini mtasimama chini ya matao makubwa. Andaeni vipande tisa vya mbao nyumbani kabla ya safari. Chora nusu duara mbili zenye kitovu kimoja, ya ndani sentimita 10 kutoka kitovuni, ya nje sentimita 15. Gawa kwa nyuzi 20, utapata kabari tisa: kila moja ina karibu sentimita 3.5 upande wa ndani na 5.2 upande wa nje. Unene wa ubao uwe sentimita 5. Idadi iwe witiri, ili kipande kimoja kikae juu katikati. Msikate kwa boksi tupu. Kabari nyepesi zinasukumwa hata na pumzi, hazina uzito wa kubanana.

Kishikizo ni bati au ndoo yenye kipenyo cha sentimita 20, ilazwe ubavu, nusu yake ya chini ikizama kati ya matofali mawili au vitabu vinene, ili kabari za mwanzo zikae juu ya vitabu hivyo. Panga kutoka pande zote mbili kwa zamu, moja huku, moja kule, umalizie na ya juu. Kisha wekeni mizigo pande zote mbili, ikigusa kabari za chini kwa nje. Vuta ndoo polepole kuelekea kwako. Likianguka, tazameni lilivyoanguka: karibu kila mara miguu imeteleza kwenda nje, si kwamba kilele kimevunjika. Tao linasukuma ubavuni, na ndiyo sababu ya kuta nene. Kitambaa cha mpira chini ya vitabu hutibu utelezi wa meza. Likisimama, wekeni kitabu kidogo juu ya kabari ya kilele, muone linavyozidi kukaza.

Siku ya pili ndani. Great Hall, ukumbi mkuu, ndiyo kiini: nguzo kubwa, matao, ngazi zinazoonekana zikipanda nyuma ya matao hayo, na juu kabisa kuba kwenye shingo yenye madirisha. Ukutani kuna mapambo ya plasta ya nakshi kuzunguka meko, na mkabala wake shubaka la skagliola, yaani plasta iliyochanganywa na gundi na rangi, ikasuguliwa hadi ing'ae kama marumaru. Ni kazi ya mafundi Bagutti na Plura. Msiiguse, lakini sogeeni karibu: mishipa ya rangi ni laini mno, marumaru halisi haiko hivyo.

Kwenye kuba kuna mchoro wa Phaethon, mwana wa jua aliyeshindwa kuliendesha gari la baba yake akaanguka na moto wake. Wa kwanza aliuchora Pellegrini, Mwitaliano. Novemba 1940, shule ya wasichana ikiwa imehifadhiwa hapo wakati wa vita, moto uliteketeza vyumba vingi na kuba ikaanguka pamoja na mchoro huo. Kuba ilijengwa upya kati ya 1960 na 1962, na Scott Medd akachora Phaethon upya. Watoto wasimame katikati, waangalie juu, wapewe dakika kamili. Chumba cha mazulia ya ukutani, Tapestry Drawing Room, kilibaki gofu tangu moto ule hadi kiliporejeshwa 2025, na mazulia yake ya 1706, yenye misimu minne, yamerudi ukutani.

Skelf Island, uwanja wa michezo wa kamba na madaraja karibu na ziwa, uwe wa mwisho kabisa siku ya pili. Mkiutanguliza, hamtampata mtoto wa kurudi kutazama nguzo.