Statsguru mbele ya mchezaji wa jezi mbili: uhakiki wa hifadhi ya takwimu za kriketi

Maswali mepesi ya kriketi hujibiwa na programu yoyote ya simu, kwa hiyo huduma ya takwimu haina budi kupimwa kwa swali linaloisumbua. Swali nililoiwekea Statsguru, hifadhi ya takwimu iliyo ndani ya tovuti ya ESPNcricinfo, lilimhusu David Wiese, olraunda (mchezaji anayepiga na pia kurusha) aliyevaa jezi ya Afrika Kusini na baadaye ya Namibia. Nilitaka kuona kama mtu asiyewahi kumwona uwanjani anaweza kuketi mbele ya majedwali hayo na kuinuka akiwa amemfahamu. Wiese ni kipimo kizuri kwa sababu hifadhi yoyote inalazimika kumgawanya mara mbili: kati ya kupiga na kurusha, na kati ya nchi na nchi.

Tovuti yenyewe ilianza mwaka 1993 ikiitwa Cricinfo, ikaingia mikononi mwa ESPN mwaka 2007. Statsguru, iliyobuniwa na Travis Basevi, hutumika bila malipo. Mtumiaji huandika jina la mchezaji, huchagua aina ya mchezo, kisha huongeza vichujio atakavyo: mpinzani, nchi ilikochezwa mechi, uwanja, kipindi cha tarehe, matokeo, hata nafasi ya mpigaji katika mpangilio wa timu. Jibu hutoka kama jedwali, na mtu anaweza kuomba wastani wa jumla, orodha ya mechi moja moja au mwenendo wa wastani unavyopanda na kushuka mechi baada ya mechi. Sura yake ni ya kizamani, majedwali matupu yasiyo na urembo, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sifa.

Jibu la kwanza kuhusu Wiese ni fupi mno. Katika mechi za kimataifa za T20, ambazo kila timu hupiga kwa ova 20 za mipira sita sita, alicheza 54, akapata mikimbio 624 (alama za kupiga) na wiketi 59 (wapigaji aliowatoa). Katika mechi za ova 50 alicheza 15. Kando ya jina lake, kwenye orodha za jumla, huwekwa vifupisho vya nchi zote mbili ndani ya mabano. Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo inayonukuliwa kila mara anapotajwa, ila ndani yake wamefungiwa wachezaji wawili ambao mtu akiwatazama kwa zamu angeapa kwamba ni ndugu tu. Kati ya mechi hizo 54, 20 alizichezea Afrika Kusini kuanzia Agosti 2013 huko Colombo, na 34 alizichezea Namibia kuanzia Oktoba 2021, akiwa amestahili kupitia kwa baba yake aliyezaliwa huko.

Ukitumia kichujio cha timu, au ukikata tarehe mwishoni mwa 2016, picha inaanza kujitenga, na hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa zake. Upande wa Afrika Kusini unamwona mtu aliyeingia kupiga baada ya AB de Villiers, JP Duminy na David Miller kumaliza kazi, mara nyingi zikiwa zimebaki ova chache, na ambaye thamani yake ilikuwa zaidi katika kurusha. Siku yake kubwa zaidi kwa jezi hiyo ni ya Durban, Januari 2015, alipochukua wiketi tano za West Indies kwa kuruhusu mikimbio 23. Upande wa Namibia unamkuta mtu yuleyule akiwa nguzo. Mwezi Oktoba 2021, katika Kombe la Dunia la T20, Uholanzi waliweka mikimbio 164 huko Abu Dhabi. Wiese akapiga 66 kwa mipira 40 bila kutolewa, na Namibia ikafika ikiwa na ova moja mkononi. Siku mbili baadaye, huko Sharjah dhidi ya Ireland, alichukua wiketi mbili kwa mikimbio 22, akamalizia na 28 kwa mipira 14, na Namibia ikaingia hatua ya timu 12 bora.

Kwa olraunda kipo kipengele maalumu kinachoweka kupiga na kurusha katika jedwali moja, kisha kinatoa tofauti kati ya wastani wa kupiga na wastani wa kurusha. Mantiki yake ni kwamba olraunda wa kweli hupata mikimbio mingi kila anapotolewa kuliko mikimbio anayoruhusu kwa kila wiketi anayochukua. Katika mechi za siku tano kipimo hicho kimesimama imara kwa vizazi. Katika T20 nakitilia shaka, na Wiese ananipa sababu. Wastani wa kupiga hupatikana kwa kugawa mikimbio kwa idadi ya mara ambazo mchezaji ametolewa, kwa hiyo zile 28 za Sharjah, kwa kuwa hakutolewa, zinaunyanyua wastani wake bila gharama yoyote, ilhali zamu yake ya mwisho ya kimataifa, Juni 2024 dhidi ya Uingereza katika kisiwa cha Antigua, alipopata 27 kwa mipira 12 katika mechi iliyopunguzwa na mvua, inahesabiwa kama ya mtu aliyeshindwa kufika 30. Anayetaka kumhukumu kwa haki na asogeze macho kwenye safu ya kasi ya kufunga (mikimbio kwa kila mipira 100), na kwa upande wa kurusha kwenye mikimbio anayoruhusu kwa kila ova. Safu zote hizo zipo; ni macho ya msomaji ndiyo yanayokimbilia wastani kwa mazoea.

Kasoro kubwa zaidi ya Statsguru kwa mchezaji wa namna hii ni ukimya wake kati ya Machi 2016 na Oktoba 2021. Hifadhi hii hushughulikia mechi za kimataifa, kwa hiyo inaonyesha miaka mitano na zaidi ambayo ndani yake Wiese hana hata mpira mmoja. Msomaji asiyejua angedhani aliumia au aliacha mchezo. Ukweli ni kwamba Januari 2017 alisaini Sussex ya Uingereza kwa mkataba wa Kolpak, utaratibu uliowaruhusu raia wa nchi zenye makubaliano na Umoja wa Ulaya kucheza huko bila kuhesabiwa wageni, kwa sharti kwamba waweke kando timu ya taifa. Katika miaka hiyo pia alijijenga Lahore Qalandars ya Pakistani, timu ambayo baadaye alitwaa nayo ubingwa wa ligi ya nchi hiyo mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Namibia ilimpokea mchezaji aliyepikwa katika ligi hizo, akiwa na umri wa miaka 36, na majedwali ya kimataifa hayana njia ya kulieleza hilo. Ukurasa wake wa wasifu, ulio nje ya Statsguru, una mstari wa T20 zote kwa pamoja, lakini hapo ligi na mataifa vimechanganywa, na vile vichujio vyenye nguvu havifuati huko.

Kuna pengo jingine dogo kwa ukubwa ambalo mimi linaniuma zaidi, ingawa kosa ni la kanuni za mchezo wala si la hifadhi. Tarehe 2 Juni 2024 huko Barbados, Namibia na Oman zilimaliza zikiwa sare kwa mikimbio 109 kila moja. Jedwali linampa Wiese wiketi tatu kwa mikimbio 28 na mikimbio michache ya kupiga. Kilichoamua mechi ni ova ya ziada, moja kwa kila timu, ambapo alipiga 13 kati ya mikimbio 21 ya Namibia, kisha akashika mpira yeye mwenyewe, akaruhusu 10 tu na kuchukua wiketi. Mikimbio na wiketi za ova ya ziada haziingii katika rekodi za mchezaji. Dakika chache alizofanya kazi zote mbili za olraunda kwa ukamilifu kuliko wakati mwingine wowote, kwa mujibu wa takwimu, hazikutokea.

Dawa ya mapengo haya ni kubofya. Kila mechi katika orodha imeunganishwa na kadi yake ya matokeo, na kadi za miaka ya karibuni zimeunganishwa na maelezo ya mpira kwa mpira; ova ile ya Barbados imo humo, mpira kwa mpira. Kwa hiyo nashauri Statsguru itumike kama mlango. Menyu zote ni za Kiingereza, na anayeanza atahitaji muda kuzoea vifupisho vya safu. Majedwali ni mapana, hivyo yanasomeka vyema zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu.

Anayetaka kuijaribu aombe orodha ya mechi za Wiese zilizochezwa Australia Oktoba 2022, kisha atazame Geelong. Tarehe 16 anaonekana na wiketi mbili kwa mikimbio 16 siku Namibia ilipowafunga Sri Lanka kwa mikimbio 55. Tarehe 20, uwanja uleule, dhidi ya Falme za Kiarabu, ana 55 kwa mipira 36, na safu ya matokeo inasema Namibia ilipoteza. Abofye mechi hiyo ya pili, ashuke hadi timu ikiwa imepoteza wiketi saba kwa mikimbio 69, asome kuanzia hapo hadi ova ya mwisho, Wiese anapotolewa na timu yake inapungukiwa na mikimbio saba.