Nyumba ya magogo Kabale: mkaratusi au msonobari?

Kwenye vilima vya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, takriban mita 2,000 juu ya bahari, usiku ni baridi na ukuta wa magogo mazima hutunza joto vizuri kuliko mabati. Swali ni mti gani.

Mkaratusi upo kila kilima, hukua haraka na ni mgumu. Tatizo lake hujitokeza baada ya kukatwa: ukikauka hupasuka na kujipinda, na gogo lililokaa sawa leo hufungua pengo kesho. Bambua gome mapema, paka rangi kwenye ncha zake, kisha yapange magogo kivulini juu ya vipande vya mbao yakauke polepole. Usiharakishe hatua hii hata kidogo.

Msonobari ni mwepesi na umenyooka. Watu wawili watatu hubeba gogo, na patasi huchonga kiungo cha kona bila kupigana nalo. Lakini mchwa na kuvu huupenda, hivyo bila dawa hautadumu. Uzuri ni kwamba hunyonya dawa kwa urahisi. Kiini cha mkaratusi huikataa.

Kwa kuta, mimi nachagua msonobari uliotiwa dawa kiwandani. Mkaratusi uliokauka ubebe paa.

Vyovyote iwavyo, gogo la chini lisiguse udongo: inua msingi wa mawe, toa upenu mpana. Na nunua kwa mwenye shamba la miti. Kukata ndani ya hifadhi kuu ya msitu ya serikali bila kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Misitu ni kosa.