TAHADHARI: muuza kitambaa cha Black Panther na magamba yake, kanipiga 250,000 mimi fundi mzima

Jamani naandika hii mikono inatetemeka, sio kwa uoga ni hasira, na aibu imo pia maana najua kuna watu humu wataicheka mpaka mwisho wa mwezi. Chekeni tu. Mimi nimekaa kwenye cherehani miaka 11, ukinifunga macho ukaniwekea hariri na satini mkononi nakutajia ipi ni ipi, halafu nimepigwa hela ya kitambaa. Kitambaa! Si kiwanja, si ajira ya Canada, kitambaa.

Kazi yenyewe ilitoka kwa kaka mmoja wa maputo, anayechangamsha birthday za watoto. Alitaka suti ya Black Panther, yule shujaa wa muvi, ya mtu mzima, avae Jumamosi kwenye birthday ya mtoto Mbezi, kanipa advansi 200,000 taslimu kwenye bahasha. Nikasema hii kazi naiweza. Na naiweza kweli, shida ni kitambaa. Ile suti ya kwenye muvi ya 2018 sio leggings nyeusi kama wengi wanavyoshona, ukiitazama vizuri mwili mzima una vipembetatu vidogo vimenyanyuka, ukipapasa unavisikia, na vile vinundu ndo vinashika taa suti ionekane ina uhai. Ukishona laikra tupu unapata mtu wa mazoezi ya asubuhi ufukweni. Nilizunguka Kariakoo siku mbili, mtaa wa Kongo wote, wa Uhuru wote, nimeoneshwa laikra, velveti, mpaka kitambaa cha makochi. Vinundu hakuna.

Ndo nikamuona yeye mtandaoni. Picha zake safi, kitambaa cheusi kina pembetatu, pembeni seti ya magamba ya fedha, ya shingoni kama meno, ya mabegani, ya kiunoni na ya mikononi. Nikamtumia meseji saa mbili usiku, akajibu hapo hapo.

Sasa nataka mnielewe kwa nini nilimuamini, maana kila ninayemsimulia ananiangalia kama mtoto. Huyu mtu ANAIJUA kazi. Nilimuuliza bei, yeye akaniuliza kwanza, dada fundi una sindano gani hapo? Nikamwambia za kawaida. Akasema hapana dada angu, kitambaa cha kuvutika usikishone na sindano ya ncha kali itakata nyuzi, tafuta ile ya ncha ya mviringo, na mshono uwe zigizaga, ukipiga mshono wa kunyooka mteja akichuchumaa tu umekatika. Jamani. Tapeli gani anazungumzia sindano? Mimi watapeli ninaowajua ni wa "tuma kwenye namba hii", hawa wa kukufundisha kazi sikuwahi kukutana nao.

Akanitumia na voisi ya dakika nne, nimeisikiliza mara tatu nikiwa napika. Anaeleza zile pembetatu aliziweka mbunifu wa mavazi wa ile muvi, mama anaitwa Ruth Carter, kwamba lile umbo limejaa kwenye sanaa za Afrika na alitaka yule jamaa aonekane mfalme wa Kiafrika na sio shujaa wa kawaida tu, na huyo mama akachukua Oscar ya mavazi 2019 halafu akachukua nyingine 2023 kwa muvi ya pili. Akamalizia, "bila pembetatu dada fundi hiyo inakuwa nguo ya mwizi tu." Nikacheka. Nilicheka mimi, peke yangu jikoni, na mwiko mkononi. Nikagugo ya Ruth Carter, kweli tupu. Yaani kila alichoniambia yule kiumbe kilikuwa kweli isipokuwa mzigo.

Nikamwambia nipigie video nikione. Hapa ndo nilipozikwa. Akasema yuko na wateja dukani mtandao unasumbua, "nakurekodia sasa hivi." Dakika mbili video hii hapa. Mkono wa kiume, kidole gumba kina plasta, anakipapasa kitambaa, anakivuta, anakiachia kinarudi, halafu anakikwaruza na kucha, na ule mlio nimeusikia, krrr, krrr, kama unakwaruza kitana. Nikaongeza sauti nikausikiliza tena. Nyuma kuna redio na kelele za watu. Nikajisemea duka lina watu, mtu mzima huyu, hapa nimefika.

Yadi 38,000, nikachukua yadi 4, hiyo ni 152,000. Seti ya magamba 90,000. Usafiri 8,000. Nusu kwanza nusu mzigo ukifika. Ile 200,000 ya mteja ilikuwa haitoshi ikabidi nichomoe 50,000 kwenye hela ya mchezo, ambayo zamu haikuwa yangu na wenyewe mnanijua navyosimamiaga ule mchezo, naomba hii ibaki hapa hapa. Nikatuma 125,000 na ya kutolea juu. Akaniandikia "ubarikiwe dada fundi". Laana na imrudie.

Alhamisi saa kumi jioni bodaboda huyo. Mzigo umezungushiwa seloteipu kama maiti ya Misri. Namwambia kaka subiri nifungue, anasema mama mimi nimetumwa tu, nimeambiwa nipokee kwanza ndo ufungue, na nina mzigo mwingine Tabata. Na yule muuzaji wakati huo huo ananipigia, "dada fundi kijana kafika? Mlipe mwache aende, kuna mvua inakuja." Anajua mpaka mvua! Na kweli mawingu yalikuwepo. Nikahesabu 125,000 nikampa, kaondoka sijamaliza hata kusema asante.

Nikachukua wembe. Harufu ndo ilitangulia, rangi ya kupuliza, kali mpaka mwanangu akatoka chumbani kuuliza nani anapaka geti. Nikatoa kitambaa. Kwa macho pembetatu zipo. Nikapitisha kiganja, hakuna kitu. Nikapitisha tena. Laini kama kioo cha simu. Ni PICHA ya vinundu jamani, wamepiga picha kitambaa chenye vinundu wakaichapa kwenye poliesta nyepesi, mpaka vivuli vyake vimechapwa, yaani kivuli kiko palepale hata ukigeuza taa. Na hakivutiki hata kidogo, nilikivuta kwa upana kikalia kama shuka la gesti.

Magamba sasa. Nikashika la begani, vidole vikatoka vya fedha. Nikalikunja kidogo rangi ikapasuka nyufa nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Nikaligeuza. Nyuma kuna mawimbi mawimbi, ile mistari ya kuzuia kuteleza, na katikati imegongwa namba 42. Ni NDALA. Kakata soli za ndala akazipulizia rangi ya fedha akaniuzia 90,000. Nilikaa chini kwenye kile kigoda cha kufulia nimeshika lile soli, mwanangu ananiambia mama usilie, na mimi silii, nimeduwaa tu nahesabu ndala jozi ngapi zimetumika. Tatu na nusu. Hiyo nusu sijui nyingine kamuuzia nani.

Nikapiga simu, inaita mara moja inakata. Asubuhi nimeblokiwa. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwenye jengo alilosema, ghorofa ya tatu mlango wa pili kushoto, nakuta dada anauza chupa za chai na hotipoti. Masikini hata hakushtuka, akaniambia wewe ni wa nne mwezi huu, kaa unywe maji.

Mtauliza Jumamosi ikawaje. Ilikuwa Ijumaa mchana, mteja yuko hewani kila nusu saa, ningefanyaje. Nikanunua laikra nyeusi ya kawaida, nikaishona usiku kucha, zigizaga na sindano ya ncha ya mviringo kama alivyonielekeza mwizi wangu (na kweli mshono ukatulia, ndo kinachoniuma zaidi), na yale magamba nikayabandika hivo hivo maana muda wa kutengeneza mengine haukuwepo. Nikajipa moyo kwamba kwa mbali hayaonekani. Saa nane mchana kaka wa maputo kanitumia video bila neno. Watoto wanamrukia, kila anayeshikwa mkono anatoka na rangi ya fedha, keki ilikuwa nyeupe ina alama za vidole vya fedha pembeni, na mtoto mwenye birthday anamuuliza mama yake kwa sauti, "mama, mbona Black Panther anachubuka?" Mama wa mtoto kakata malipo nusu. Kaka wa maputo anataka 200,000 yake yote na ana haki, nimeshamlipa 60,000.

Sasa huyu mtu afanyweje? Mimi naona kifungo hakitoshi. Apelekwe pale Kongo siku ya Jumamosi saa sita mchana avalishwe hiyo suti yake ya poliesta isiyovutika, na yale masoli, achuchumae na kusimama mara mia mbele ya mafundi, na kila mshono ukikatika tupige makofi. Ndo baadae apelekwe polisi. RB nimeshakata, namba yake nimeituma 15040 ya kuripoti matapeli wa simu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015 haijaja jana, na bado kuna mtu kaniambia nimsamehe tu ni maisha magumu. Maisha magumu kwani mimi nakaa Masaki? Na wewe bodaboda kama unasoma, nasikia mko mnapokea mgao, Mungu anakuona na helmeti yako.

Haya ya kuangalia kabla sijasahau, maana ndo nilitaka kuandika toka mwanzo. Kitambaa cha vinundu mwambie akimulike tochi ya simu kutokea ubavuni huku anaihamisha hamisha, vinundu vya kweli vivuli vinahama, vya picha vimeganda. Mwambie aandike jina lako na tarehe kwenye karatasi ailaze juu ya kitambaa ndo arekodi, asipotaka kimbia. Magamba yale ya sponji ngumu lazima yapakwe kitu cha kuziba vitundu kwanza, hata gundi ya mbao koti mbili tatu, ndo rangi ije juu, kwa hiyo gamba alikunje mbele yako na akuoneshe NYUMA. Nyuma, nyuma, nyuma. Na kufungua kwanza kulipa baadae, bodaboda akigoma arudi nao mzigo wake. Mengine nitakumbuka.

Namba yake siiweki hadharani, njoo inboksi nakupa na skrinishoti zote na ile voisi. Anabadilisha jina kila baada ya muda ila picha ni zilezile.

Na ile video. Jana mume wangu kaomba kuiona, kaiangalia mara moja tu akanigeukia, akaniuliza hii ulitumiwa lini? Nikamwambia Jumatatu usiku. Akasema sikiliza redio. Nikasikiliza. Mtangazaji anatangaza mechi ya watani, Simba na Yanga, mpira uko wingi ya kulia, watu wanapiga kelele. Jumatatu ile hakukuwa na mechi yoyote! Video ya zamani, kakipande kamoja ka kitambaa cha kweli kamerekodiwa siku moja, watu wanalizwa nako mpaka leo. Na mimi mwananchi damu, Yanga kabisa, ambaye siku ya watani cherehani inafungwa toka asubuhi, nimeisikiliza ile redio mara sita nikitafuta mlio wa kucha.

Leo asubuhi nimetumia simu ya shoga angu kuangalia stetasi yake. "Mzigo mpya umeingia, mafundi karibuni." Plasta ileile kwenye gumba, na mpira bado uko wingi ya kulia.