Wembe wangu wa 38,000 wakaufungulia katoni

Sijawahi andika mambo ya duka popote, lakini hii imenikaa kwa roho tangu siku ile, na wacha niseme yote.

Mimi ndevu zangu ni za kujikunja. Wenzangu mnajua hiyo hadithi. Ukinyoa na vile viwembe vya plastiki vyenye makali matatu manne, la kwanza linavuta unywele, la nyuma linaukatia chini ya ngozi, unywele ukianza kurudi unajipinda unaingia ndani, na shingo yote inajaa vipele. Nimeishi na hivyo vipele tangu nilipotoka shule. Kwa hivyo dividendi ya sacco ilipoingia nikaamua safari hii najinunulia wembe wa kukunja, ile ya ukweli, kali moja tu la chuma ambalo unalinoa na unaweza kumwachia mtoto wako, na sitabania. Niliweka kando elfu sitini.

Kuchagua kulinichukua miezi na nilikufurahia sana, sidanganyi. Kuna Solingen, mji wa visu kule Ujerumani, ambako jina lenyewe linalindwa na sheria, huwezi kuliandika kwa kisu kilichotengenezewa mahali pengine. Japani wana kamisori, wembe wao wa jadi, lakini hiyo haikunjwi na pande zake mbili hazilingani, nikaona kwa mkono wa kushoto itanishinda. Mwishowe nikaangukia Thiers-Issard ya Ufaransa, kutoka Thiers, mji wa watu wa visu, upana 6/8 ya inchi, bapa limechimbwa pande zote mbili likabaki jembamba mpaka likipita kwa ndevu unalisikia likiimba. Mpini wa pembe. Duka moja la Westlands ndilo nililipata likiwa nao hapo hapo. 38,000. Sikuomba hata kupunguziwa.

Sasa sikiliza. Nimeshalipa, ujumbe wa M-Pesa umeingia, kijana wa kaunta ameushika wembe anatafuta kifuko cha kuutilia. Nyuma yake kuna mzigo umeletwa, katoni kubwa imezungushiwa selotepu na kupigwa zile pini za chuma. Mwenzake anamwambia fungua hiyo tuone kama ni shampuu. Na huyo kijana, mbele ya macho yangu, akaukunjua wembe wangu akaupitisha kwa katoni kutoka mwisho hadi mwisho. Niliusikia ukigonga pini. Akaupangusa kwa suruali, akaukunja, akanipa huku anatabasamu: "Umeona venye inakata, mkubwa!"

Nilinyamaza. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba nilinyamaza, nikachukua kifuko nikatoka, sijui ni mshtuko ama ni nini.

Nyumbani nikauangalia na ile lenzi ya mama ya kusomea Biblia. Mapengo matatu. Makali ya wembe kama huu ni membamba kuliko kitu chochote jikoni kwako, yametengenezewa unywele uliolowa na povu la sabuni, hayajui katoni wala pini. Pengo moja dogo tu linatosha kukuchana shavu.

Nikarudi kesho yake. Nikapelekwa kwa madam msimamizi, nikamweleza polepole, kwa heshima, hata nilimwita dada. Aliuchukua, akakata kona ya risiti yangu nao, akaniangalia. "Baba, si bado inakata? Wembe ni ule ule. Tukikupea ingine utasema pia hiyo imeguswa." Na akanionyesha kwa kidole tangazo la ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama pale, hakusema hata pole. Neno moja tu, pole, na pengine hata nisingekuwa naandika hapa.

Akaongezea ati kama makali yamenisumbua niupeleke kwa wale wa kunoa visu kwa jiwe linalozungushwa na baiskeli. Hapo ndipo nilijua hawa watu hawajui wanauza nini. Jiwe la kuzunguka likiugusa huu wembe umekwisha, chuma kinashika moto kinabadilika rangi na ugumu wake unaisha. Wembe unanolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vyote vimegusa jiwe, kwa sababu mgongo ndio unaoshika pembe ya kunoa. Anayeuza kitu cha elfu thelathini na nane hajui hilo?

Nilimpata mzee mmoja Ngara anayenoa mikasi ya mafundi wa nguo na vinyozi. Aliushika kwa vidole viwili, akautazama kwenye mwanga, akauliza, "Nani alifanya hivi?" Alitumia mawe manne, la 1000 kwanza, akapanda mpaka la 12000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), karibu saa tatu, na maji, bila haraka. Akaniuliza kama nina mkanda wa ngozi wa kunyooshea makali. Sikuwa nao, kwa sababu dukani niliambiwa wembe mpya hauhitaji mkanda. Uongo mtupu! Unapitishwa kwa mkanda kila kabla ya kunyoa, mara hamsini hivi, mgongo ukitangulia.

Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu sitaki mtu afikirie wembe ndio mbaya. Asubuhi ya kwanza nilioga maji moto, nikapaka sabuni, nikauinamisha kama digrii thelathini, na nikausikia ukiimba shavuni. Wiki kadhaa sasa shingo yangu ni laini, mke wangu ndiye aliona kwanza. Kwa hilo peke yake ningesema nendeni Westlands mkaununue, hawa ndio wanao, pesa si ya bure.

Hapana, nafuta. Msiende. Afadhali uagize na ungoje posta miezi miwili. Ama nunua wembe wa Solingen wa bei ya chini kwa mtu anayeheshimu chuma na pesa iliyobaki uweke kwa mkanda na mawe mazuri, maana mimi elfu sitini yangu iliishia kurekebisha kazi ya mtu aliyekuwa mvivu kutafuta mkasi. Na ukilazimika kwenda pale, lipa ukiwa umeushika mkononi, usiuache kwa kaunta hata dakika moja.

Mapengo mawili yalitoka. La tatu liko karibu na shina, pale kali linapoanzia mpinini, mzee alisema akiling'ang'ania atamaliza chuma bure, na pale hapagusi uso. Ni kweli hapagusi. Lakini kila asubuhi nikiupitisha kwa mkanda naliona.